Lishe baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Lishe baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni utaratibu wa kula na kunywa unaofuatwa na mtu aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo au kubadilisha njia ya chakula, kwa ajili ya kutibu unene wa kupindukia. Utaratibu huo huanza kwa maji siku chache za kwanza, hupitia vyakula laini kwa wiki kadhaa, kisha huishia katika ulaji wa kiasi kidogo unaodumu maisha yote.

Lishe hiyo ina malengo matatu: kulinda mishono ya ndani mpaka ipone, kumpatia mgonjwa maji, protini, vitamini na madini ya kutosha wakati anakula kidogo sana, na kumzoesha tabia mpya za kula. Operesheni yenyewe huchukua saa chache tu, lakini matokeo yake hutegemea sana yale yanayofanyika mezani katika miezi na miaka inayofuata.

Aina za upasuaji

Kuna aina mbili zinazofanywa zaidi duniani.

Ya kwanza ni upunguzaji wa mfuko wa tumbo. Daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kuacha mrija mwembamba unaofanana na ndizi. Njia ya chakula kuelekea utumboni haibadilishwi.

Ya pili ni baipasi ya tumbo. Sehemu ya juu ya tumbo hutenganishwa na kuwa kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya tumbo pamoja na duodeni hubaki mwilini, lakini chakula hakipiti tena humo. Upasuaji huu ulianzishwa na Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Tangu miaka ya 1990 umeweza kufanyika kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote, jambo lililofupisha muda wa kupona.

Katika Afrika Mashariki huduma za namna hii hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Wakazi wengine husafiri kwenda nchi za nje, hasa Uhindi, na kurudi nyumbani wakiwa bado katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo ni muhimu wahudumu wa afya wa karibu nao pamoja na familia zao wauelewe utaratibu wa lishe.

Mabadiliko ya njaa na shibe

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa hupungua uzito kwa sababu tu tumbo limekuwa dogo. Kumbe homoni nazo hubadilika. Sehemu ya juu ya tumbo hutoa ghrelini, homoni inayochochea njaa, ambayo iligunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999. Sehemu hiyo inapoondolewa, kiwango cha ghrelini hushuka. Baada ya baipasi, chakula hufika haraka kwenye utumbo mwembamba, na utumbo huo hutoa kwa wingi zaidi homoni zinazoleta shibe na kusaidia kazi ya insulini.

Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hawasikii njaa kabisa katika miezi ya kwanza, na wengine huona ladha za vyakula zimebadilika. Hali hiyo husaidia kupunguza uzito, lakini ina hatari yake: mtu asiyesikia njaa wala kiu anaweza kusahau kula na kunywa. Inambidi afuate saa na kipimo kuliko hamu yake.

Hatua za chakula

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na ushauri wa daktari aliyefanya operesheni ndio unaofuatwa. Kwa kawaida hatua ni hizi:

1. Vinywaji vyepesi (siku 1 hadi 2 za kwanza): maji, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, na chai nyepesi isiyo na sukari. Mgonjwa hunywa kwa mafundo madogo.

2. Vinywaji vizito (hadi mwisho wa wiki ya 2): maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi mwepesi usio na sukari, uji mwepesi uliochanganywa na maziwa, na vinywaji vya unga wa protini.

3. Vyakula vilivyosagwa (wiki ya 3 na ya 4): samaki, kuku, maharagwe, dengu au mayai, vikisagwa hadi viwe laini kama chakula cha mtoto anayeanza kula.

4. Vyakula laini (wiki ya 5 na ya 6): samaki aliyechemshwa, mayai, nyama ya kusaga yenye mchuzi, maharagwe yaliyoiva sana, na mboga zilizopikwa kama maboga na karoti.

5. Vyakula vya kawaida (kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8): chakula cha familia, kwa kiasi kidogo. Kila chakula kipya hujaribiwa peke yake ili kujua kama tumbo linakipokea.

Kuruka hatua ni kosa la hatari. Katika wiki za kwanza mishono ya ndani haijashikamana vizuri, na chakula kigumu kinaweza kuleta kutapika kwa nguvu na kuitia mkazo.

Kanuni za kula

Milo huwa midogo, mara tatu kwa siku, wakati mwingine pamoja na vitafunio viwili vyenye protini. Mlo mmoja huchukua dakika 20 hadi 30. Kila tonge huwa dogo na hutafunwa mpaka lilainike kabisa. Mgonjwa huacha kula mara anapoona dalili ya kwanza ya shibe, ambayo kwa wengi si kujaa tumboni bali mkazo chini ya kifua, kwikwi au pua kutoa kamasi. Tonge moja zaidi baada ya hapo linaweza kuleta maumivu na kutapika.

Kinywaji na chakula hutenganishwa: mtu hanywi wakati wa kula, na husubiri takriban dakika 30 baada ya mlo. Kinywaji hujaza nafasi ndogo iliyopo, na pia huweza kusukuma chakula kishuke haraka. Vinywaji vyenye gesi huepukwa kwa kuwa hujaza tumbo hewa.

Vyakula vinavyosumbua zaidi ni nyama kavu, mkate laini unaogeuka donge, chapati, wali mkavu na matunda yenye nyuzinyuzi nyingi. Ugali mgumu nao hujaza tumbo haraka na kuacha nafasi ndogo kwa mboga na kitoweo. Kwa sababu hiyo mpangilio wa sahani hugeuzwa: kitoweo chenye protini huliwa kwanza, mboga hufuata, na wanga huja mwisho ikiwa nafasi imebaki.

Protini na maji

Kiasi kinachoshauriwa kwa kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Protini isipotosha, mwili hutumia misuli yake yenyewe, na mtu hupungua uzito lakini hudhoofika. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na kikombe cha maziwa gramu 8. Ni vigumu kufikia kiasi hicho kwa tumbo dogo, ndiyo maana unga wa protini hutumika katika wiki za mwanzo. Baadaye samaki, dagaa, kuku, mayai, mtindi, maharagwe na kunde huweza kutosheleza.

Maji yanayohitajika ni angalau lita 1.5 kwa siku, na zaidi katika sehemu zenye joto. Mgonjwa hawezi tena kunywa glasi nzima kwa mkupuo, hivyo hubeba chupa na kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Upungufu wa maji ni mojawapo ya sababu kuu za kurudishwa hospitalini katika wiki za kwanza. Dalili zake ni mkojo mchache wenye rangi nzito, mdomo kukauka na kizunguzungu mtu anaposimama.

Vitamini na madini

Vidonge vya vitamini na madini hutumiwa maisha yote, hata mtu anapojisikia mzima. Virutubishi vinavyopungua zaidi ni hivi:

- Madini ya chuma: hufyonzwa hasa katika duodeni, ambayo baipasi huikwepa. Wanawake wanaopata hedhi wako katika hatari kubwa ya upungufu wa damu.

- Vitamini B12: huhitaji asidi na kitu maalumu kinachotolewa na tumbo ili ifyonzwe. Hutolewa kwa vidonge vyenye kiasi kikubwa au kwa sindano, mara nyingi kila mwezi. Upungufu wake huharibu neva na unaweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana.

- Kalsiamu na vitamini D: hulinda mifupa. Kalsiamu ya sitrati hupendelewa kwa sababu haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Haimezwi pamoja na madini ya chuma; huachanishwa kwa saa mbili au zaidi.

- Vitamini B1, yaani thiamini: akiba yake mwilini hutosha wiki chache tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo anaweza kuishiwa, akaanza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa. Hali hiyo huitwa ensefalopathia ya Wernicke. Ni dharura: thiamini hutolewa kwa sindano mara moja, tena kabla ya dripu ya glukosi, kwa kuwa glukosi peke yake inaweza kuizidisha. Ikicheleweshwa, madhara ya ubongo huweza kuwa ya kudumu.

Vipimo vya damu hufanywa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, na baadaye angalau mara moja kwa mwaka.

Matatizo ya kawaida

Dampingi ni hali inayotokea chakula, hasa chenye sukari nyingi, kinaposhuka haraka kwenye utumbo mwembamba. Huwapata zaidi waliofanyiwa baipasi. Ndani ya saa moja baada ya kula, mtu hupata mapigo ya moyo ya kasi, jasho, tumbo kusokota, kuharisha na udhaifu. Aina nyingine huja saa 1 hadi 3 baada ya mlo: mwili hutoa insulini nyingi kupita kiasi na sukari ya damu hushuka, hata mtu kutetemeka au kuzimia. Kinga ni kuepuka soda, juisi, asali na peremende, na kula protini kila mlo.

Nywele kukatika hutokea mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Kwa kawaida huota tena, mradi protini na madini yanatosha.

Vijiwe vya nyongo huongezeka uzito unaposhuka haraka. Madaktari wengine hutoa dawa ya kuvizuia katika miezi ya mwanzo.

Kiungulia kinaweza kuanza au kuzidi baada ya upunguzaji wa mfuko wa tumbo.

Mgonjwa anapaswa kurudi hospitalini bila kuchelewa akiona homa, mapigo ya moyo ya kasi yasiyotulia, maumivu makali ya tumbo au bega, kushindwa kupumua vizuri, kutapika kusikokoma, au kinyesi cheusi. Dalili hizo zinaweza kuashiria mshono unaovuja, damu kuganda, kuvuja damu ndani au utumbo kuziba.

Dawa, pombe na tumbaku

Watu wenye kisukari huhitaji kupunguziwa dawa mapema, kwa sababu sukari yao inaweza kushuka siku chache tu baada ya operesheni. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, pamoja na uvutaji wa sigara, huongeza hatari ya vidonda kwenye maungio ya baipasi. Pombe huingia kwenye damu haraka zaidi kuliko zamani, na uchunguzi umeonyesha ongezeko la uraibu wa pombe baada ya baipasi.

Ujauzito na saumu

Wanawake hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, mpaka uzito utulie. Uwezo wa kuzaa mara nyingi huongezeka uzito unapopungua, wakati vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kufyonzwa vibaya baada ya baipasi. Njia nyingine huhitajika.

Kufunga saumu ya Ramadhani au ya aina nyingine haifai katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa maji na protini za siku nzima haziwezi kuingia katika saa chache za usiku. Baadaye uamuzi hufanywa pamoja na daktari.

Familia na jamii

Katika jamii nyingi kumwongezea mgeni chakula ni heshima, na kukataa huonekana kama dharau. Aliyefanyiwa upasuaji hukutana na jambo hilo kwenye harusi, misiba na sikukuu. Wengine huambiwa wanaumwa kwa sababu wamekonda haraka. Kuwaeleza jamaa mapema, kutumia sahani ndogo na kujipakulia mwenyewe hupunguza usumbufu.

Wapo pia waliozoea kula ili kutuliza huzuni au wasiwasi. Operesheni haiondoi huzuni hiyo, na njia yao ya kujiliwaza huwa imefungwa. Ndiyo sababu ushauri nasaha huhesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Matokeo ya muda mrefu

Utafiti mkubwa ulioanza nchini Uswidi mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na asilimia 25 baada ya miaka 10. Yaani uzito kiasi hurudi, lakini sehemu kubwa ya mafanikio hubaki. Utafiti huo pia ulionyesha vifo vichache zaidi kati ya waliofanyiwa upasuaji kuliko kati ya wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Uzito unaporudi, sababu za kawaida ni kula kidogo kidogo siku nzima, vinywaji vyenye sukari na vyakula laini vya wanga kama biskuti, ambavyo hupita kirahisi bila kuleta shibe. Njaa nayo hurudi polepole baada ya mwaka wa kwanza. Tabia zilizojengwa kabla ya wakati huo ndizo humsaidia mtu itakaporudi.

Tazama pia

- Unene wa kupindukia
- Kisukari
- Protini
- Upungufu wa damu
- Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula