Kimalei siyo Kiindonesia! Soma hii kabla hujampa mtu karatasi yako atafsiri

Wadau, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, halafu ndiyo tuingie kwenye mada.

Kuna mama mmoja jirani yetu, mwanae anasoma Malaysia. Kijana akaanguka na pikipiki huko, akavunjika mguu. Mwenzake wa chumbani akamtumia mama picha ya karatasi ya hospitali, Kimalei mwanzo mwisho. Simu ya kijana mwenyewe haipatikani. Mama akaja mbio kwangu kafe: "Mwanangu, wewe si ndiyo mtu wa kompyuta, hebu nisomee hapa."

Mimi nikaona ndiyo pa kuonyesha ujuzi. Nikatafuta kamusi kwenye intaneti, nikapata ya Kiindonesia, nikasema si lugha ile ile tu. Nikaenda neno kwa neno mpaka nikafika kwenye "rawatan susulan percuma". Rawatan nikaelewa ni matibabu. Susulan ni ya kufuatilia. Percuma, kamusi ikaniambia: bila faida, kazi bure.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Mama, wanasema matibabu ya kuendelea ni bure tu." Mama wa watu akakaa chini pale pale sakafuni.

Usiku kijana akapiga, mzima kabisa, analalamika njaa. Kumbe hospitali ilisema arudi kuangaliwa mguu BILA MALIPO! Percuma ya Malaysia ni bure ya kutolipa. Percuma ya Indonesia, kwa kawaida, ni bure ya kuhangaika bila faida. Sisi Waswahili tuna neno moja kwa yote mawili, "kanipa bure" na "nimechoka bure". Wenzetu kila nchi imeshika upande wake. Na mimi nilishika upande wa nchi siyo.

Sasa ilikuwaje lugha moja ikawa hivyo?

Kimalei historia yake inafanana na ya Kiswahili. Ni lugha ya bandari na biashara, ilizunguka na majahazi kwenye mlango bahari wa Malaka na visiwa vya jirani. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zinazoitwa Jawi, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Ndiyo maana ukisoma unakutana na waktu, dunia, hukum, kitab, sabun. Unajiona uko nyumbani! Lakini usijiamini sana, kwa sababu dada kwao ni kifua na kuku ni ukucha.

Mwaka 1824 Waingereza na Waholanzi wakaandikiana mkataba wa kugawana eneo hilo. Upande wa Waholanzi ndio ukaja kuwa Indonesia. Vijana wa huko waliapa mwaka 1928 kwamba lugha yao ya umoja ni Kiindonesia, na nchi ikatangaza uhuru 1945. Upande wa Waingereza ukaitwa Malaya (nyie wa kompyuta za nyuma mnacheka nini, ndilo jina lake), ikapata uhuru tarehe 31 Agosti 1957. Mwaka 1963 Malaya ikaungana na Sabah, Sarawak na Singapore, ndiyo ikazaliwa Malaysia. Singapore ikatengana nayo 1965.

Malaysia wapo Wamalei, Wachina, Wahindi na makabila mengi ya Borneo, kila mtu na lugha yake nyumbani. Katiba yao ibara ya 152 inasema lugha ya taifa ni Kimalei. Wana chombo cha kusimamia lugha, Dewan Bahasa dan Pustaka, kilichoanza 1956, kama sisi tulivyo na BAKITA. Brunei nako Kimalei ni lugha rasmi, na Singapore hata wimbo wa taifa unaimbwa Kimalei.

Mwaka 1972 Malaysia na Indonesia wakakubaliana tahajia inayofanana. Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge: herufi zimelingana, maana hazikulingana. Angalia hapa:

- Budak: Malaysia ni mtoto, Indonesia ni mtumwa.
- Bisa: Malaysia ni sumu ya nyoka, Indonesia ni "kuweza".
- Kereta: Malaysia ni gari dogo, Indonesia mara nyingi ni treni.
- Jabatan: Malaysia ni idara, Indonesia ni cheo.
- Kakitangan: Malaysia ni wafanyakazi, Indonesia ni kibaraka.

Hebu fikiria barua ya kazi inayosema unakaribishwa kuwa kibaraka wa kampuni! Hata neno mtafsiri lenyewe wanatofautiana: Malaysia ni penterjemah, Indonesia ni penerjemah. Ukiona tangazo la huduma ya tafsiri, herufi hiyo moja ya T inakuonyesha umefika nchi gani.

Sasa mtafsiri wa kazi anatofautianaje na mimi wa kafe? Swali lake la kwanza ni: karatasi inakwenda nchi gani, na nani ataisoma? La pili: unataka kuelewa tu au unataka tafsiri iliyothibitishwa? Tafsiri iliyothibitishwa ina saini ya mtafsiri, muhuri na maneno kwamba inalingana na karatasi ya asili. Malaysia kuna taasisi ya serikali ya kazi hii iliyoanzishwa 1993, siku hizi inaitwa ITBM. Indonesia wana watafsiri walioapishwa. Muhuri wa nchi moja usidhani utapokelewa nchi nyingine, uliza kwanza.

Halafu mtafsiri anajua mambo ya nchi yenyewe. Kwenye majina ya Malaysia utakuta bin na binti, hayo tunayajua. Lakini utakuta pia a/l na a/p, hasa kwa wenye asili ya India. Kamusi haikusaidii hapo. Ni kifupi cha "mtoto wa kiume wa" na "mtoto wa kike wa". Ukikosea jina la mtu kwenye mkataba au hati ya mahakama, umeharibu karatasi nzima.

Na kwa mnaotafuta vyuo huko: cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo usikimbilie kulipa tafsiri ya Kimalei mpaka chuo chenyewe kikuambie kinaitaka. Karatasi za Kiswahili, kama hukumu ya mahakama ya mwanzo, ndizo za kuuliza mapema zitafsiriwe kwa lugha gani.

Kompyuta ni nzuri kwa kujua barua inahusu nini. Ila hospitali, mahakama, mkataba wa nyumba au wa kazi, hapo mtafute mtu anayeijua lugha NA nchi. Mimi yule mama nilimwomba radhi, akanisamehe, ila siku hizi akija na karatasi anaanza: "Unajua, au unabahatisha?"

Swali zuri sana hilo. Na wewe kabla hujalipa, muulize mtafsiri wako hivyo hivyo.

Mliosoma Malaysia au Indonesia, tupeni maneno mengine yaliyowakwamisha. Uwanja wenu.