Kigoda cha Milansi: malkia gani wa Ufipa anastahili riwaya?

Ingia duka lolote kubwa la vitabu hapa Uingereza, utawakuta malkia wamejipanga rafuni: Anne Boleyn, Elizabeth wa Kwanza, Victoria, kila mmoja na rundo la riwaya zake. Watoto wetu waliozaliwa huku wanajua hata nani alikatwa kichwa na kwa kosa gani. Kisha wanauliza: kwenu Sumbawanga malkia walikuwepo? Walikuwepo. Tena ukoo ulioitawala Ufipa, kwa simulizi za Wafipa wenyewe, uliletwa na wanawake. Ndiyo maana nataka tuipitie historia hiyo, ili siku mmoja wetu akiamua kuiandika riwaya asianzie hewani.

Ramani kwanza

Tuanzie Kaengesa. Kwa asiyepajua, iko kusini mwa mji wa Sumbawanga, njia ya Laela na Tunduma. Wengi wanaijua kwa sababu ya seminari. Zamani upande huo ulikuwa Lyangalile, mmoja wa falme mbili za Wafipa. Wa pili ni Nkansi, ambao jina lake tunalo hadi leo katika wilaya ya Nkasi. Falme zote mbili zilishikwa na ukoo wa Watwa, ambao hawahusiani na Watwa wa misitu ya Kongo. Hawa ni watawala waliokuja Ufipa kutoka kaskazini. Mtawala aliitwa mwene.

Lakini Watwa walikuta wenyeji. Kabla yao kulikuwa na Milansi, kijiji cha mtawala wa kwanza, Ntatakwa, ambaye husemwa alishuka kutoka mbinguni.

Wageni watatu

Simulizi inakwenda hivi. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa porini anawinda. Nyumbani alibaki mkewe. Wakatokea wanawake watatu wageni, ndio hao Watwa, wamechoka na safari. Mama mwenye nyumba akawapokea, na katika kuwapokea akawapa kigoda cha mumewe. Kumbe kigoda kile ndicho kilichokuwa utawala wenyewe. Aliyekikalia hakuinuka tena. Mume aliporudi alikuta nchi ina wenyewe.

Hakukupigwa vita. Walikubaliana: wageni wakachukua nchi, Milansi ikabaki na eneo lake dogo chini ya mlima Itwelele pamoja na heshima ya kimila ya utangulizi, heshima ambayo Watwa hawakuifuta.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeishi Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960, alikichambua kisa hiki katika makala ya mwaka 1967. Kwa maelezo yake, Wafipa waliziona pande hizi mbili kama sehemu za mwili: Milansi ni kichwa, chenye ukubwa na hekima, Watwa ni kiuno, chenye nguvu na uzazi. Hakuna upande unaoweza kuishi bila mwenzake. Ukilitazama jambo hivyo, unaelewa kwa nini Milansi iliachwa isimame.

Mwandishi atakuta nini

Malighafi ipo ya kutosha. Askofu Lechaptois wa Mapadri Weupe aliandika kuhusu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika na Wafipa katika kitabu cha Kifaransa kilichotoka mwaka 1913. Wangoni wa Zwangendaba walipiga kambi Ufipa miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe alifia huko. Mwaka 1880 Joseph Thomson alipita akafika kwa mwene Kapufi. Thomson ndiye aliyelipachika Ziwa Rukwa jina la Leopold, jina ambalo wenyeji hawakuhangaika nalo.

Ila riwaya haijengwi kwa miaka tu. Inahitaji kujua mama wa Milansi aliamkia kazi gani. Huenda alikwenda kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo majani huzikwa ndani ya udongo yaoze, maharage yakapandwa juu, na msimu unaofuata tuta likasambazwa kwa ajili ya ulezi. Huenda aliuona kwa mbali moshi wa tanuru la kuyeyushia chuma, tanuru la udongo refu kumpita mtu. Mfano wa uandishi wa namna hiyo tunao: Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza habari za Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, zikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Hakuandika wafalme. Aliandika nyumba, pombe, wakwe na kilimo, na ndani yake Ukerewe nzima ikaonekana.

Anayetaka malkia wa karibuni zaidi avuke kwenda Buha, Kasulu, amsome Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru hadi serikali ya Tanganyika ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Chaguo langu

Wengi watavutiwa na wale wanawake watatu, na ni haki yao: walitoka mbali, walikuwa wachache, wakashinda. Mimi ningemchagua aliyewapokea. Simulizi inambebesha lawama ya kupoteza nchi, ilhali alichofanya ndicho tulichofundishwa sote na mama zetu: mgeni hasimami, apewe pa kukaa, ndipo aulizwe habari za atokako. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwake alikuja mgeni, mwenyeji hakupona.

Riwaya inaweza kumuuliza maswali ambayo simulizi haikumuuliza. Je, alikijua kigoda kile ni kipi? Aliogopa, au alikuwa amechoka na mume wa kuwinda kila siku? Na usiku ule waliporudi kuzungumza yeye na mumewe, nani alianza? Mwandishi atakayejibu hayo atakuwa ameandika jinsi falme zinavyobadilisha mikono pasipo mkuki, na atakuwa amemrudishia haki mwanamke ambaye kila msimulizi anamhitaji lakini hakuna anayekaa upande wake.