Pale Majalada ya Pamoja Yanapokataa Kufunguka

Zamani, jalada la chama lilipokosekana ofisini, mtu wa kuulizwa alikuwa mmoja tu: karani wa masjala. Yeye ndiye aliyejua jalada limechukuliwa na nani, tarehe gani, na kama mchukuaji alikuwa na haki ya kulichukua. Siku hizi ofisi ya ushirika yenye kompyuta tatu au nne huziunganisha kwa waya au kwa mawimbi ya ruta, na majalada yote huwekwa katika mashine moja ambayo nyingine zote huifikia. Hiyo ndiyo masjala ya pamoja ya leo. Karani hayupo tena. Kazi yake hufanywa na mashine yenyewe, nayo haina maneno mengi. Ikikataa, imekataa.

Jambo hili huonekana dogo mpaka ifike siku ya malipo. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa akishafikisha korosho, ufuta au mbaazi katika chama chake cha msingi, mzigo hupimwa, hupelekwa ghalani, huuzwa kwa mnada, na fedha hurudi kwa njia ya chama kikuu, RUNALI, hadi kuingia katika akaunti yake ya benki. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani una sheria yake ya mwaka 2005. Lakini kati ya mnada na akaunti ya mkulima ipo orodha: jina, kilo, makato, namba ya akaunti. Orodha hiyo ikikataa kufunguka Ijumaa mchana, malipo hungoja hadi Jumatatu au zaidi, na maneno ya kwamba fedha zimeliwa huanza kuzagaa kijijini kabla fundi hajapanda gari kutoka Masasi au Lindi.

Kabla ya kumwita fundi, katibu hana budi kujiuliza maswali mawili. Je, aliyekataliwa ni mtu mmoja au ni ofisi nzima? Na je, lililokataa ni jalada moja au ni yote? Majibu ya maswali hayo hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Ofisi nzima ikikosa majalada yote, ubaya uko njiani au katika mashine inayoyatunza. Mtu mmoja akikosa jalada moja ilhali wenzake wanalifungua, njia ni nzima. Kuna jambo juu ya ruhusa yake.

Njia yenyewe haina mambo mengi, nayo aghalabu huharibika umeme unapokatika na kurudi. Yawezekana mashine ya majalada haikuwashwa tena. Yawezekana imewaka, lakini ruta imeipa namba nyingine ya anwani, na kompyuta nyingine zinaendelea kubisha hodi katika nyumba ya zamani. Dawa yake ni kuitafuta mashine kwa jina lake badala ya namba, au kumwagiza fundi aifungie ruta namba moja ya kudumu kwa mashine hiyo. Kadhalika, ofisi ikibadili ruta, Windows huweza kuuhesabu mtandao mpya kuwa ni wa hadharani, kama ule wa stendi ya mabasi, na kuyaficha majalada yote. Hapo yatosha kuijulisha kuwa mtandao huo ni wa ofisi. Tena saa ya mashine isipuuzwe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme ukatikapo tarehe hurudi nyuma kwa miaka, na katika ofisi ambazo seva ndiyo inayothibitisha majina ya watumishi, tofauti ya zaidi ya dakika tano hutosha mtu kukataliwa kuingia.

Mashaka makubwa zaidi yako katika ruhusa, na hapa yafaa kwenda polepole.

Jalada la pamoja lina milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa ya kuifikia folda kwa njia ya mtandao. Wa pili ni ruhusa ya folda na jalada lenyewe katika diski. Mtu hupata kile tu ambacho milango yote miwili imekubali. Akiruhusiwa kuandika katika mlango wa kwanza na kusoma tu katika wa pili, atasoma tu. Ndiyo maana fundi anayefungua mlango mmoja na kusahau wa pili huapa kwamba ametoa ruhusa, na karani naye huapa kwamba hajaipata, na wote wawili husema kweli. Zaidi ya hayo, katazo lililoandikwa wazi juu ya jina la mtu hushinda ruhusa aliyopewa kwa njia ya kikundi. Na mtumishi aliyeingizwa leo katika kikundi cha wahasibu hatapata haki za kikundi hicho mpaka atoke kabisa katika kompyuta na kuingia upya. Wengi hawaambiwi jambo hili la mwisho, wakapoteza siku nzima.

Kuna sababu nyingine ambayo huwashangaza hata watu wazoefu. Na ichukuliwe kwamba mhasibu ameandaa orodha ya malipo katika folda yake mwenyewe, ambayo wengine hawaruhusiwi kuiona. Akimaliza, anaihamishia katika folda ya pamoja iliyo katika diski ile ile. Katibu anaiona orodha, jina lake linasomeka vizuri, lakini kila akiifungua ananyimwa ruhusa. Orodha ya jana katika folda hiyo hiyo inafunguka. Hakuna uchawi hapo. Jalada linalohamishwa ndani ya diski moja huenda na ruhusa zake za zamani, mfano wa mgeni anayehamia kijiji kipya na desturi za alikotoka. Jalada linalonakiliwa huzaliwa upya na kurithi ruhusa za folda linamoingia. Basi mhasibu na ainakili orodha katika folda ya pamoja, ahakikishe nakala imefunguka kwa katibu, kisha ndipo aifute ile ya kwanza. Kama majalada ni mengi, mwenye mamlaka ya mashine aweza kuyaamuru yote yarithi ruhusa za folda yalimo.

Nywila nazo zina vituko vyake. Mtu akibadili nywila, kompyuta yake huweza kuendelea kupeleka ile ya zamani iliyoikariri, ikakataliwa kimya kimya. Nywila ya zamani ifutwe mahali inapotunzwa. Tena Windows haikubali kompyuta moja ifikie mashine moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Aliyeingia asubuhi kwa jina la katibu hawezi mchana kufungua folda kwa jina la mhasibu mpaka avunje muungano wa kwanza.

Wakati mwingine hakuna aliyenyimwa kitu, ila jalada limeshikwa. Karani amelifungua, ameacha kompyuta ikiwaka, na amekwenda kula. Wengine huambiwa kwamba wanaweza kusoma tu. Katika folda huonekana pengine kijalada kidogo ambacho jina lake huanza kwa alama ya wimbi na ya dola. Hicho ni ishara ya kuwa kuna mtu ndani. Dawa ni kumtafuta mtu huyo. Asipokuwapo, mwenye mamlaka ya mashine aweza kulifunga jalada kwa nguvu, akijua kwamba yale ambayo karani hakuyahifadhi yatapotea.

Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu mwenye haraka hatamtafuta karani. Atalihifadhi jalada kwa jina jingine, au atalichukua kwa flashi na kuendelea na kazi katika mashine yake. Kufikia jioni chama kina orodha mbili za malipo. Katika moja kilo za mkulima zimesahihishwa. Katika nyingine bado. Ikienda benki isiyostahili, mmoja atalipwa mara mbili na mwingine hatalipwa, na wote watafika ofisini, ila mmoja wao hatafika kwa hiari. Kukataliwa kwa saa mbili ni hasara ndogo kuliko hiyo.

Dawa nyingine mbaya ni kufungulia watu wote kila kitu, ili pasiwe na malalamiko. Malalamiko hukoma kweli. Lakini orodha yenye majina na akaunti za wanachama si tangazo la ubaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayezitunza azilinde. Na wakaguzi wa COASCO wakitaka kujua ni nani aliyebadili kilo baada ya mnada, watakuta jina moja ambalo watumishi watano hulitumia kwa nywila iliyobandikwa ukutani. Kila mtumishi awe na jina lake. Anayeondoka kazini jina lake lifungwe siku ile ile, lakini kwanza majalada aliyoyamiliki peke yake yakabidhiwe kwa mwingine, la sivyo yatabaki bila mwenye kuyafungua.

Lipo pia suala la mashine za rika tofauti, nalo limezidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na ofisi kulazimika kununua mpya. Mashine hupeana majalada kwa kanuni iitwayo SMB. Toleo lake la kwanza ni la kizamani na lina udhaifu; ndiko walikopitia virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017, vikafunga majalada ya ofisi katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Tangu mwaka huo Windows imekuwa ikiliacha toleo hilo. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024 limezidisha ukali: kwa kawaida hukataa kuingia kama mgeni asiye na nywila. Kwa hiyo kompyuta mpya ikishindwa kufungua kisanduku cha zamani cha kutunzia majalada, aliyekataa ni mgeni, naye ana haki. Kisanduku kiwekewe majina na nywila, au kibadilishwe. Fundi anayependekeza kurudisha toleo la kwanza aulizwe sababu mbele ya bodi.

Fundi anapopigiwa simu, aelezwe maneno kamili yaliyotokea katika kioo, yasifupishwe kuwa "imegoma". Picha ya simu yatosha. Aambiwe ni kompyuta ipi, ni jina la mtumishi gani, ni jalada lipi, wengine wanalifungua au la, na ni kitu gani kilichobadilika tangu lilipofunguka mara ya mwisho: umeme, ruta, nywila, au mtu.