Adapta Hubadili Umbo la Plagi, Haibadili Umeme

Adapta ni kitu kidogo, lakini katika nyumba nyingi za Mbarara, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, imekuwa kifaa kisichokosekana. Sababu yake ni wazi. Nakivale imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipowasili wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kila jamii imekuja na vyombo vyake, na kila chombo kina plagi ya nchi kilikotoka. Hali ni hiyo hiyo katika nyumba za askari. Aliyetumikia Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007, huenda akarudi na pasi au redio aliyoinunua ugenini.

Soketi ya Uganda ni ya namna ya Kiingereza, yenye matundu matatu bapa, na umeme wake ni wa volti 240. Plagi ya Kongo aghalabu ina pini mbili za mviringo. Adapta huziwezesha pini hizo kuingia mahali zisipoingia. Lakini wengi hudhani kwamba plagi ikishaingia, mambo yamekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Adapta haipunguzi volti, haiongezi nguvu, wala haileti waya wa ardhi pale usipokuwapo.

TAZAMA VOLTI KWANZA

Chombo cha Kongo, kilichoandikwa volti 220, kwa kawaida hufanya kazi Uganda bila matatizo. Chombo kilichotumwa na ndugu aliyeko Marekani ni jambo jingine, kwa maana umeme wa kule ni wa volti 120. Pasi ya Marekani ikichomekwa katika volti 240, hupata volti mara mbili, lakini joto lake huwa mara nne. Huungua upesi, na yaweza kuiunguza nyumba.

Kwa hiyo msomaji asome kibandiko kabla ya kuchomeka. Kikiandikwa 100-240, kama zilivyo chaja nyingi za simu, adapta yatosha. Kikiandikwa 120 peke yake, yahitajika transfoma yenye uwezo wa kubeba wati za chombo hicho.

HESABU YA NGUVU

Plagi ya pini tatu hubeba ampea 13 na si zaidi. Ili kujua chombo chatumia ampea ngapi, gawanya wati zake kwa 240. Birika la wati 2000 hutumia ampea 8 na kitu. Jiko la umeme la wati 1500 hutumia ampea 6 na robo. Vikichomekwa pamoja kwenye adapta moja ya matundu mengi, jumla yapita ampea 14. Adapta hupata moto, plastiki hulainika, na cheche hufuata.

Jambo hili haliwapati watu wa Nakivale na Mbarara peke yao. Huko Marekani wako wasafiri wenye magari makubwa yaliyo na vitanda na jiko ndani yake. Wafikapo kambini huliunganisha gari na nguzo ya umeme. Gari lililotengenezwa kwa ampea 50 laweza kuunganishwa kwa adapta na nguzo ya ampea 30, lakini litapata ampea 30 tu. Mwenye gari hana budi kuzima kipoza hewa kabla ya kuchemsha chai. Ndivyo ilivyo pia kwa familia ya Nakivale inayotumia umeme wa jua. Inveta ya wati 300 haiwezi kubeba pasi ya wati 1000, hata plagi iingie barabara namna gani.

KIJITI NI ADUI

Baadhi ya watu hawanunui hata adapta. Husukuma kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi, vizibo vya ndani vikafunguka, kisha wakaingiza plagi ya pini mbili. Desturi hii iachwe kabisa. Plagi hiyo hulegea na kutoa cheche. Isitoshe, haina fyuzi. Fyuzi ya soketi katika boksi la umeme huweza kuwa ya ampea 30 au zaidi, hivyo waya mwembamba wa redio utawaka moto kabla fyuzi hiyo haijakatika. Tena waya wa ardhi haupo. Pasi au birika la chuma likivujisha umeme, njia yake ya kwenda ardhini ni mwili wa anayelishika.

Dawa iliyo bora ni kukata plagi ya kigeni na kufunga ya pini tatu. Waya wa kahawia hufungwa penye herufi L, wa buluu penye N, na wa kijani na njano penye E. Chombo kisichozidi wati 700 kipewe fyuzi ya ampea 3, na kikubwa zaidi ya hapo kipewe ya ampea 13. Chombo chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakihitaji waya wa ardhi. Kisicho na alama hiyo, na chenye bati nje, kisitumiwe bila waya huo. Asiyeijua kazi hii amwite fundi mwenye kibali.

DALILI ZA HATARI

Adapta ikipata moto mkononi, ikinuka, ikiwa na weusi au ikilia, zima swichi na uitupe. Usiitengeneze. Waya wa kuongezea uliozungushwa ukunjuliwe wote kabla ya kutumia pasi, kwani ukibaki umeviringwa hujipasha moto wenyewe.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Zima swichi kuu kwanza. Isipofikika, simama pakavu umsukume kwa ubao mkavu, kisha apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Watoto nao wafundishwe mapema kwamba tundu la soketi si la kuchezea, na wazazi wasiwaonyeshe mfano wa kijiti.