Kuongea bila mnara: piga hesabu kabla hujanunua

Una kundi la watu wanaotembea mahali pasipo na mtandao, waongoza watalii au timu ya chanjo. Utaambiwa simu zao zinatosha: kila moja inapokea sauti kwa Wi-Fi na kuirusha kwa inayofuata. Hakuna laini, hakuna vocha.

Jambo hilo linawezekana kweli. Mradi wa Serval wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, ulioanza baada ya tetemeko la Haiti la 2010, ulionyesha kuwa simu za Android zinaweza kupigiana hivyo. Lakini bure ina gharama zake. Simu nyingi za Android haziungani kwa mtindo huo mpaka uziruti, yaani ujipe mamlaka kamili juu ya mfumo wake, na simu iliyorutiwa huweza kupoteza dhamana, tena app nyingi za benki hugoma kufunguka. Wi-Fi nayo ikishinda imewashwa, betri haifiki jioni bila pawabenki.

Kasoro kubwa iko kwenye sauti yenyewe. Ujumbe wa maandishi ukichelewa sekunde tano, hakuna anayeumia. Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida 50 kila sekunde, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri safari ya kutoka mdomoni hadi sikioni isizidi milisekunde 150. Mkiwa wanne kwenye mnyororo, kipande kilekile kinarushwa mara tatu kwenye chaneli ileile, na nafasi ya hewani inazidi kubanwa. Halafu mwenye simu ya katikati anapinda nyuma ya jabali: njia imekatika, mtandao unatafuta nyingine, na ninyi mmebaki na "halo, halo".

Kwa wanaotembea, mimi ningenunua redio kolu. Wi-Fi ya simu nje hufika kama mita mia. Redio ya VHF ya wati 5 hufika kilomita kadhaa pasipo na kilima. Jumlisha ada ya leseni, kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA Tanzania au CA Kenya, na mjue kuwa redio ya analojia husikika na yeyote aliye kwenye masafa yenu.

Vifaa vya redio vya LoRa vinavyotumia programu ya Meshtastic hufika mbali pia, lakini kwa mpangilio wa kawaida hubeba kama kilobiti 1 tu kwa sekunde. Hivyo ni vya maandishi. Muuzaji akidai vinapiga simu, mwambie akupigie hapohapo dukani.

Watu wenu wakiwa hawahami, hesabu inageuka. Wanakijiji wa Mankosi, Eastern Cape, Afrika Kusini, walifunga Mesh Potato, visanduku vya Wi-Fi vyenye tundu la simu ya mezani, vikiendeshwa kwa betri za umeme wa jua. Wakapigiana bure kijijini, na betri zilezile zikachaji simu za mkononi kwa malipo. Kwa shule, zahanati au kijiji, huo ndio mpango ninaoupendelea. Ulizia kwanza bei ya betri, maana ndiyo mtakayoinunua tena.