Kuni Mbili za Mjane

Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) aliokota kuni mbili tu wakati wa ukame, akampikia mgeni. Sisi wa Mandera tunamwelewa kabisa! Maharagwe ndiyo yanamaliza kuni. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa (mekundu yasipochemka vizuri yana sumu), kisha funika sufuria, uizike kwenye kapu lenye blanketi kwa saa nne hivi. Chemsha tena ndipo utie chumvi.

Bakuli la jirani je? Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo basini. Basi mpikie bila nyama, asiwe na shaka. Mwezi wa Ramadhani, peleka magharibi.