Iliki Jikoni na Usiku wa Kumi la Mwisho



Apitaye vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya tarawehe katika siku za mwisho za Ramadhani, hana haja ya kuuliza kama Idi imekaribia. Huku iliki yatwangwa, kule samli yapigwa na sukari hata igeuke nyeupe kwa ajili ya vileja, na nyumba ya tatu mkate wa mayai umepaliwa makaa juu na chini. Ni furaha ya halali, nasi hatukuandika haya ili kuizuia.

Lakini mwaka uliopita, katika usiku mmoja wa witiri, tulirejea kutoka msikitini ukaribiapo wakati wa daku, tukamkuta mama watoto mbele ya seredani, macho mekundu kwa moshi, trei ya tano ya vileja i motoni. Alituuliza kwa upole: leo ni usiku wa ngapi? Nasi tulikuwa tumetoka kuwawaidhi watu juu ya fadhila za usiku huo huo. Tulimtajia idadi, kisha tukainamisha kichwa.

Imethubutu katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.), lilipoingia kumi la mwisho, alikuwa akiwaamsha ahli zake kwa ibada. Sisi wetu twawaacha macho, kweli, lakini kwa vileja.

Baada ya Idi tulikaa tukashauriana, na mpango ulitoka kwake, si kwetu. Vileja, visheti na biskuti huhimili kukaa, maadamu vimepoa kabisa kabla ya kutiwa katika mkebe mkavu uliofungwa barabara. Basi hivyo hutengenezwa kumi la pili, mchana, kidogo kidogo. Kaimati na mkate wa mayai havingojei, ni vya mkesha wa Idi. Iliki inunuliwe nzima, ganda bichi lisilopasuka. Punje zitolewe na kutwangwa pamoja na kijiko cha sukari, ndipo zilainike. Kungumanga huparuzwa saa ile ile ya kutumiwa, tena kwa uchache, kwani ikizidi huharibu chungu kizima. Mdalasini na tangawizi kavu hungojea kahawa ya wageni. (Tangawizi, kwa yule aidharauye, imetajwa katika Suratul-Insan kuwa kichanganyo cha kinywaji cha watu wa Peponi.)

Tukapunguza pia idadi. Aina saba za vitamu katika sinia moja ni mashindano na jirani, na akina mama wanalijua hilo kuliko sisi. Tatu zatosha, na sahani ya kumpelekea mjane wa mtaani ijazwe kwanza, kabla ya ya wageni. Zaka ya fitri haimo katika hesabu hiyo. Hiyo ni faradhi yake peke yake, na itolewe kabla ya swala ya Idi.

Ama kutwanga, Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Basi mwaka huu kinu kiko kwetu. Wanafunzi wa madrasa walitukuta barazani na mchi mkononi wakacheka sana. Tukawapa zamu.